Kadi ya ATM, ya simu au ya mkopo? Ulinganisho kwa wanachuo wa Arusha na Moshi

Bili ya kadi ya mkopo huja kila mwezi. Bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, haliji kila mwezi. Wanachuo wengi huteleza hapo, ndiyo maana tunaanza na kalenda kabla ya kuzungumzia riba, rangi ya kadi au pointi.

Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB) amekuwa akihesabiwa shilingi 10,000 kwa siku za chakula na malazi tangu mwaka wa masomo 2022/23, lakini hela hiyo huingia kwa mkupuo, na tarehe yake huwezi kuipigia mstari kwenye kalenda. Anayesomeshwa na nyumbani naye anangoja kahawa iuzwe, mchango wa ukoo ukamilike, au makato ya mshahara wa baba yapungue. Benki haijui lolote kati ya hayo. Tarehe ya kulipa ikiwa 15, ni 15.

Kabla ya kuchagua, ni vizuri ujue kadi utaitumia wapi. Ada ya vyuo vya umma kama Ushirika Moshi, Uhasibu Arusha au Chuo cha Ufundi Arusha hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, kupitia benki au simu. Soko la Kilombero, Mbuyuni, genge la Njiro na kifodi (daladala) cha Sakina ni taslimu au lipa namba. Kinachobaki ni malipo ya mtandaoni nje ya nchi (ada za mitihani, maombi ya vyuo, programu za kompyuta, vitabu) na safari. Kwa mwanachuo wa kawaida hayo ni malipo machache kwa mwaka, na mengi yake hayahitaji kadi ya mkopo hata kidogo.

| | Kadi ya benki | Kadi ya mtandaoni ya simu | Kadi ya nyongeza ya mzazi | Kadi ya mkopo yenye dhamana |
|---|---|---|---|---|
| Hela ya nani? | Yako, ya kwenye akaunti | Yako, ya kwenye simu | Ya benki. Mdaiwa ni mzazi | Ya benki. Mdaiwa ni wewe |
| Unahitaji nini? | Namba ya NIDA, kitambulisho au barua ya chuo | Laini iliyosajiliwa kwa jina lako | Mzazi mwenye kadi ya mkopo na ridhaa yake | Amana inayofungwa benki, pamoja na fomu za mkopo |
| Inafaa kwa | Karibu kila kitu | Malipo ya mara moja mtandaoni | Safari na dharura | Dhamana za hoteli na magari, safari ndefu |
| Inakwama wapi? | Malipo ya mtandaoni yamefungwa | Salio limepungua kidogo tu | Mzazi anaona kila kitu | Tarehe ya bili na bumu hazikutani |

Kadi ya benki

Hii ndiyo kadi ya ATM, na pengine unayo tayari, kwa kuwa bumu linapitia akaunti. Yenye alama ya Visa au Mastercard hulipa mtandaoni sawasawa na kadi ya mkopo. Tovuti nyingi hazijali tofauti, zinataka tarakimu 16, tarehe ya mwisho na zile tarakimu tatu za nyuma.

Ikikataliwa, mara nyingi sababu ni moja kati ya nne. Ya kwanza, huduma ya malipo ya mtandaoni haijafunguliwa. Benki nyingine huifunga mpaka uombe, kwenye programu yao ya simu au tawini. Ya pili, kikomo cha siku. Ukitaka kulipa ada ya SEVIS ya dola 350, ambayo hulipwa na anayekwenda kusoma Marekani kwa viza ya F-1, akaunti inaweza kuwa na hela yote na kadi bado ikagoma kwa sababu kikomo cha mtandaoni kiko chini ya kiasi hicho. Omba kipandishwe kabla ya siku ya kulipa.

Ya tatu ni ile namba ya siri ya mara moja inayotumwa kwa meseji. Inakwenda kwenye laini uliyoandikisha siku unafungua akaunti. Kama ulifungua ukiwa kidato cha sita kwa laini ya mjomba, meseji itampata mjomba, nawe utakaa unaangalia kisanduku kitupu hadi muda uishe. Nenda tawini na NIDA ubadilishe. Ya nne ni anwani. Tovuti nyingine za Marekani hazikubali fomu isiyo na namba ya posta, na wengi huandika 00000. Tumia ya kata yako. Za Arusha huanza na 23 na za Kilimanjaro 25.

Ubaya wa kadi hii ni kwamba mlango wa duka la mtandaoni na mlango wa chakula chako ni mmoja. Namba zikiibwa, hela inayoondoka ni ya kula. Dawa yake ni akaunti mbili: ya bumu isiyogusa mtandao, na ndogo ya pili yenye kadi, ambayo unaihamishia kiasi cha malipo siku ile ile. Makato ya akaunti ya pili yaulizie kwanza. Akaunti za wanafunzi kwa kawaida huwa nafuu, ya pili huenda isiwe.

Kadi ya mtandaoni ya simu

Hii haina plastiki. Unaitengeneza ndani ya huduma ya pesa ya simu (M-Pesa, kwa mfano, ina ya Visa) na namba zake unazipata ndani ya dakika chache. Nyingine huchota moja kwa moja kwenye salio, nyingine zinataka uhamishie hela kwenye kadi kwanza. Kwa malipo ya mara moja ndiyo tunayoipendekeza kabla ya nyingine zote, kwa sababu mwizi akizipata namba atakuta salio tupu.

Kinachowashinda watu hapa ni hesabu. Chukua ada ya mtihani ya dola 70, na tuseme dola ni shilingi 2,600. Zidisha, unapata 182,000. Unaweka 182,000, unabonyeza lipa, inagoma. Kiwango cha kubadilisha fedha kinachotumika sio kile ulichokiona gazetini, na juu yake mtoa kadi huweza kuongeza asilimia yake kwa malipo ya fedha za kigeni. Ikiwa ni asilimia 3, kinachotakiwa ni 187,460. Weka 195,000 uishi kwa amani, kinachobaki ni chako. Usibonyeze mara tano mfululizo ukidhani mtandao ni mbovu. Mifumo mingine huisoma hiyo kama wizi na kuifunga kadi.

Kuna mtego mwingine unaowapata watumiaji wa Songesha, huduma ya M-Pesa inayokukopesha salio lisipotosha. Ukiwa na deni la Songesha, hela inayoingia M-Pesa inakatwa kwanza kulipa deni hilo. Mama anatuma 195,000, deni la 20,000 na makato yake vinaondoka, na ada ya mtihani inakosa salio dakika kumi kabla ya dirisha kufungwa. Lipa deni kwanza, ndipo uombe utumiwe.

Usiitumie kadi hii kulipia hoteli au tiketi ya ndege ambako utaulizwa kadi yenyewe ukifika, maana hutakuwa na cha kuonyesha. Wala usiifute mapema. Ukiomba kurudishiwa hela, marejesho huelekezwa kwenye namba za kadi iliyolipa, na kama umeshaifuta utaifuata hela yako kwa barua na simu za wiki kadhaa.

Kadi ya nyongeza ya mzazi

Mzazi, mlezi au dada mwenye kadi ya mkopo anaweza kuomba nyingine yenye jina lako chini ya akaunti yake. Bili ni yake na deni ni lake. Aombe kikomo chako kiwe kidogo kuliko chake. Benki nyingi huruhusu. Taarifa ya mwezi itamfikia na kila mstari, pamoja na ile chipsi kuku ya saa tano usiku, kwa hiyo mkubaliane mapema kadi ni ya nini. Kwa mwanafunzi anayekwenda mafunzo nje kwa miezi miwili mitatu, hii inafaa kuliko kujifungia amana yako mwenyewe.

Kadi ya mkopo yenye dhamana

Mwanachuo asiye na mshahara hana cha kuionyesha benki, hivyo njia inayobaki huwa ni amana. Unaweka fedha kwenye akaunti ya muda maalumu, benki inaifunga, halafu inakupa kikomo kinacholingana na sehemu ya amana hiyo. Weka milioni 1, kikomo chaweza kuwa laki 8. Kila benki ina kipimo chake. Hapo jiulize swali ambalo afisa wa benki hatakuuliza: kama ninayo milioni 1 ya kufungia, kwa nini nisilipe kwa hela hiyo hiyo kupitia kadi ya kawaida?

Jibu lenye uzito ni dhamana za safari. Hoteli nyingi za nje na karibu kampuni zote za kukodisha magari hushikilia kiasi fulani kwenye kadi yako unapofika, kisha hukiachia unapoondoka. Kwa kadi ya benki, hela yako halisi ndiyo inayoshikiliwa, na kuachiwa kwake kunaweza kuchukua siku nyingi baada ya wewe kurudi Tengeru. Kwa kadi ya mkopo kinachoshikiliwa ni sehemu ya kikomo tu. Sababu ya pili ni kumbukumbu ya mkopo. Benki hupeleka taarifa za wakopaji kwenye kanzidata inayosimamiwa na Benki Kuu, na taasisi za taarifa za mikopo kama Creditinfo na Dun & Bradstreet huzitumia kuandaa ripoti. Kulipa vizuri kunaandikwa humo. Kuchelewa nako kunaandikwa, na ripoti hiyo utaikuta unapoomba mkopo wako wa kwanza wa kazini.

Sasa kalenda. Tuseme bili inafungwa tarehe 25 na mwisho wa kulipa ni tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Ukinunua 26 Machi, manunuzi hayo yataingia bili ya 25 Aprili, na utalipa hadi 15 Mei: siku 50 bila riba. Ukinunua 24 Aprili, bili ni ile ile na siku ni 21 tu. Kwa hiyo kitu kikubwa nunua siku moja baada ya bili kufungwa. Uliza pia kama benki inakubali kuhamisha tarehe ya bili. Jambo moja fomu hulisema kwa maandishi madogo: siku hizo za bure ni za mtu anayelipa bili yote. Ukibakiza deni, kadi nyingi huanza kutoza riba manunuzi mapya tangu siku ya kununua.

Na hapa ndipo neno "kiwango cha chini cha kulipa" linapowaumiza watu. Linasikika kama huruma. Chukua deni la 600,000, sawa na siku 60 za bumu, kwa riba ya mfano ya asilimia 3 kwa mwezi na kiwango cha chini cha asilimia 10 ya deni. Mwezi wa kwanza deni linakuwa 618,000, unalipa 61,800, linabaki 556,200. Endelea hivyo bila kununua hata peni. Baada ya miezi 12 utakuwa umelipa karibu 505,700 na bado unadaiwa kama 241,600. Sababu ni kwamba kiwango cha chini hupungua pamoja na deni: kadiri unavyolipa ndivyo unavyotakiwa kulipa kidogo, na riba inabaki na kitu cha kutafuna. Mwenzako mwenye deni kama hilo aliyejiwekea 100,000 kila mwezi anamaliza mwezi wa saba, jumla amelipa karibu 671,700.

Asilimia 3 kwa mwezi hutamkwa kirahisi sana dirishani. Kwa mwaka ni 36, na riba ikizaa riba ni zaidi ya 42. Uliza kila mara kwa mwaka, kisha uliza ada ya mwaka ya kadi, ada ya kuchelewa, ada ya kuzidisha kikomo na asilimia ya malipo ya fedha za kigeni. Ada za huduma za benki zina VAT, kwa hiyo uliza kama tarakimu uliyotajiwa imeshaijumlisha. Omba orodha iliyoandikwa. Afisa akikwambia "hiyo ndogo tu, usijali", ndiyo ya kuisoma mara mbili.

Kutoa taslimu ATM kwa kadi ya mkopo ni kosa la gharama kuliko yote. Kuna ada ya kutoa, na riba huanza siku hiyo hiyo bila siku za bure. Mtu anayetoa 50,000 ya kodi ya geto kwa kadi ya mkopo angekuwa nafuu hata kwa kumwomba mwenye nyumba wiki moja.

Pointi na zawadi ziache. Kwa manunuzi ya mwanachuo hazifikii hata ada ya mwaka.

Nani achukue ipi

Mwaka wa kwanza hadi wa tatu, unaishi kwa bumu au kwa nyumbani: kadi ya benki na ya simu. Hiyo inatosha, na hatuoni sababu ya kukusukuma zaidi.

Mwanafunzi wa uzamili au uzamivu wa vyuo vya Nelson Mandela (Arusha) au KCMC (Moshi) aliyeacha kazi yake kwa ruhusa na mshahara bado unaingia, huyo ni mtu mwingine. Anaweza kuomba kadi ya mkopo kwa mshahara bila kufunga amana, na anayeitwa kwenye mikutano ya nje atafaidika nayo kwa zile dhamana za hoteli. Aunganishe malipo ya bili yote moja kwa moja na akaunti ya mshahara, bili yote kabisa na siyo kiwango cha chini, ambacho mara nyingi ndicho kimetiwa tiki kwenye fomu tayari.

Wa chuo cha wanyamapori cha Mweka na wa utalii wanaofanya mafunzo kwenye kampuni za safari watasikia mengi kuhusu dola. Kanuni za 2025 zinataka bidhaa na huduma za ndani zitangazwe na kulipwa kwa shilingi, kwa hiyo mashine ya kadi Arusha mjini ikikuletea bei ya dola, omba ya shilingi. Ukivuka Namanga au Holili ni kinyume: mashine ya Nairobi ikikuuliza shilingi ya Tanzania au ya Kenya, chagua ya Kenya. Ukichagua ya nyumbani, anayekubadilishia fedha ni mashine, kwa kiwango inachotaka yenyewe.

Mambo yakiharibika

Makato usiyoyatambua: funga kadi kwanza kwenye programu ya simu, kisha piga benki, kisha andika barua au barua pepe yenye tarehe, kiasi na jina lililoonekana kwenye taarifa. Kwa aina nyingi za madai, taratibu za Visa na Mastercard hutoa hadi siku 120, lakini benki yako inaweza kutaka uwahi zaidi, na ushahidi wa wiki ya kwanza una nguvu kuliko wa mwezi wa tatu. Usiporidhika na jibu la benki, malalamiko yanapelekwa Benki Kuu, ambayo ina tawi Arusha. Watakuuliza barua uliyoiandikia benki, kwa hiyo bakiza nakala.

Makato ya kila mwezi ya programu uliyoijaribu bure ni jambo jingine. Huo siyo wizi, uliukubali. Kufuta programu kwenye simu hakusimamishi malipo. Ingia kwenye akaunti ya huduma yenyewe, sitisha usajili, piga picha ya ujumbe wa kuthibitisha.

Anayepiga simu akijiita wa benki na kuomba ile namba ya mara moja, hata akilijua jina lako lote na chuo, kata simu. Namba yake itume 15040. Na picha ya kadi usiitume kwenye grupu la darasa hata kama ni kwa ajili ya mchango wa tiketi za safari ya mafunzo. Watu 140 ni wengi mno kwa tarakimu tatu za nyuma.

Ukimaliza chuo na kuhama, kadi ya mkopo haifi kwa kukatwa na mkasi. Sitisha usajili wote unaoitegemea, lipa deni lote, subiri bili moja zaidi ipite kwa sababu riba ya siku za mwisho huja nyuma yake, ndipo uandike barua ya kufunga. Omba uthibitisho wa maandishi kwamba huna deni na kwamba amana imeachiwa, na usiondoke na begi lako stendi ya Moshi kabla ya kuiona amana hiyo kwenye akaunti ya kawaida.